Barua ya wazi: Kila gunia la korosho lina stakabadhi, mtoto mwenye sukari hana hata mstari

Tandahimba, Mtwara

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya afya, chanjo na utafiti wa magonjwa,
Dodoma na Dar es Salaam.

YAH: WATOTO WA KUSINI KUACHWA NJE YA UTAFUTAJI WA CHANJO YA KISUKARI AINA YA KWANZA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa wilayani Tandahimba. Msimu ukifunguliwa, kazi yangu ni mizani na daftari. Gunia linapanda, kilo zinasomwa kwa sauti mkulima akisikia, naandika, namkatia stakabadhi. Gunia likipotea kati ya hapa na ghala kuu, ipo karatasi ya kulifuatilia mpaka lipatikane au mtu akamatwe. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba anayewaandikia si daktari. Ni mtu wa daftari, na lalamiko lake ni la daftari.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi moja, Februari 2024, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio jibu pekee nililonalo hadi leo. Ya pili niliituma kwa posta. Ya tatu nilimkabidhi mkubwa mmoja aliyekuja ziarani; aliisoma nusu akiwa amesimama, akaniambia, "Mzee wangu, hili ni suala la kitaalamu, tuwaachie wataalamu," kisha akampa kijana wake aliyebeba mafaili. Ofisi siitaji, wala jina la mtu, kwa sababu sitafuti wa kufukuzwa kazi. Natafuta jibu. Ndiyo maana safari hii naandika mbele ya watu.

Binti yangu alizaliwa 2013. Novemba 2022, minada ikiwa imepamba moto, alianza kunywa maji. Sisi tunaoishi huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, maji tunayajua kwa bei. Ni ya kununua kwa ndoo, na kiangazi ndoo haishikiki. Mtoto alikuwa anaamka usiku mara tatu, mara nne, asubuhi dumu limekauka. Nilimfokea. Nilimwambia anakunywa hela. Neno hilo ningekuwa na uwezo ningelirudisha mdomoni.

Kisha akaanza kukojoa kitandani, msichana wa miaka tisa. Shangazi yake akasema ni deko. Akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inashikwa na pini. Kwenye zahanati alipimwa malaria mara mbili ndani ya siku nne; mara zote mbili kipimo kilisema hana, na mara zote mbili alirudi nyumbani na dawa za malaria. Siku ya tano akawa anahema kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, na pumzi yake inanuka kama mabibo yaliyoanza kuchacha. Bibi yake akaja juu: nani kampa mtoto uraka?

Hakuna aliyempa uraka, ile pombe ya mabibo. Mwili ukikosa insulini hauwezi kuitumia sukari iliyomo kwenye damu, kwa hiyo unachoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni ketoni, zenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile tulimpakia kwenye bodaboda kati yangu na mama yake, tukamfunga kwa kanga asianguke. Hospitalini mashine ya sukari haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili, HI. Muuguzi akatueleza kwamba sukari imepita pale mashine inapoishia kuhesabu. Hilo sikuhitaji kufafanuliwa; mzigo ulikuwa umezidi mzani.

Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Tangu hapo ni sindano asubuhi na jioni, na insulini tunaihifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya mtungi uliokaa kwenye mchanga mbichi, kwa sababu friji hatuna na umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Mwaka uliofuata, mpwa wangu anayesomea uuguzi alinionyesha kwenye simu habari iliyoninyima usingizi. Tarehe 17 Novemba 2022, mwezi uleule tuliomfunga mtoto kwa kanga, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza duniani ya kuchelewesha kisukari aina ya kwanza kabla hakijajitokeza. Nikaanza kusoma. Nimesoma kwa msaada wa mpwa wangu, kwa bando la jioni, miaka miwili sasa. Yafuatayo ndiyo yanayonisumbua.

1. Watoto wetu hawahesabiwi.

Upo utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 1993, miongoni mwa waandishi wake akiwa Profesa Andrew Swai. Waliwafuatilia vijana walio chini ya miaka 20 kwa miaka kumi, 1982 hadi 1991, wakakuta wagonjwa wapya 1.5 tu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Finland, nchi inayoongoza duniani, ni zaidi ya 50 kwa kila watoto 100,000. Wale walifanya kazi yao kwa uaminifu na nawaheshimu. Walihesabu waliofika hospitali. Mimi nauliza swali la karani: walioishia njiani waliandikwa wapi? Aliyekufa Novemba akiwa na dawa za malaria mfukoni yuko kwenye daftari la malaria, au hayupo popote. Binti yangu alibakiza saa chache tu aingie kwenye hesabu hiyo.

Na ile ilikuwa Dar es Salaam, mjini, zaidi ya miaka 30 iliyopita. Nimeuliza idadi ya watoto wenye sukari ya aina hii Mtwara na Lindi. Nimeuliza kwa mdomo na kwa maandishi. Sijapewa namba, hata ya kukadiria. Kwenye kliniki tunayohudhuria tumejuana wazazi saba. Tumejihesabu wenyewe, kwa vidole.

2. Chanjo inatafutwa kwenye damu ya watoto wa wengine.

Hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini.

Kisukari aina ya kwanza, kwa jinsi kinavyofundishwa, si cha kula vibaya. Ndani ya kongosho kuna vifungu vidogo vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, na humo ndimo seli za beta hutengeneza insulini. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inazigeukia seli hizo na kuzimaliza. Ni mlinzi wa ghala anayebomoa ghala. Anaanza kimyakimya, miezi au miaka kabla dumu la kwanza la maji halijakauka, na alama zake zinaonekana kwenye damu: ni aina za kingamwili zinazolenga insulini yenyewe na protini nyingine za seli za beta. Uchunguzi uliochapishwa 2013 uliwafuata watoto wa Finland, Ujerumani na jimbo la Colorado kule Marekani. Waliokutwa na kingamwili za aina mbili au zaidi, takriban 70 kati ya 100 waliugua ndani ya miaka 10.

Ndiyo maana wenzetu wanaweza kuzungumzia kinga. Wanamwona mlinzi akianza kubomoa. Ile dawa ya Novemba, teplizumab, kusema kweli si chanjo, ingawa mitandaoni watu wanaiita hivyo. Ni dawa ya dripu ya siku 14 inayotuliza seli za kinga zinazoshambulia. Ilijaribiwa kwa watu 76 walio kwenye hatari kubwa, matokeo yakatoka 2019, na kwa kawaida ilisogeza ugonjwa mbele kwa takriban miaka miwili. Bei yake ya kuanzia Marekani ilipita dola 190,000 kwa dozi nzima. Nimejaribu kuigeuza kuwa magunia ya korosho nikaacha.

Chanjo hasa inatafutwa kwingineko. Watafiti wa Tampere, Finland, kwa miaka mingi wamefuatilia virusi vya koksaki B, ambavyo huwapata watoto kama mafua au homa ya kawaida, na wanaamini vina mkono katika kuiamsha kinga dhidi ya kongosho. Chanjo dhidi ya virusi hivyo imetengenezwa na tayari imeshaingia kwenye jaribio la kwanza kwa watu wazima wenye afya, hukohuko Finland. Watafiti wa Norway, katika jaribio lililotangazwa 2023, waliwapa watoto waliogunduliwa karibuni dawa mbili za virusi kwa miezi sita, na mwaka mmoja tangu waanze wakakuta kongosho zao zinatoa insulini nyingi kuliko za waliopewa kidonge kitupu. Wapo waliojaribu kumeza insulini ili kinga iizoee, waliojaribu GAD, mojawapo ya zile protini za seli za beta, waliojaribu vitamini. Mengi yameshindwa. Panya wa maabara wamekingwa mara nyingi sana. Binadamu ni mkaidi.

Siwalaumu wenzetu hata kidogo. Wanatafuta walipopoteza. Utafiti mmoja mkubwa wa kufuata watoto tangu kuzaliwa ulipima vichanga zaidi ya 400,000 ili kupata zaidi kidogo ya 8,000 wa kuwafuata, na wote ni wa Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini. Waliwapima karibu vijana 900 ambao walitambuliwa na madaktari kuwa na kisukari aina ya kwanza, wanaochoma insulini kama binti yangu. Takriban 65 kati ya kila 100 hawakuwa na kingamwili hizo. Hata moja. Na sehemu kubwa ya hao hawakuonyesha zile dalili za urithi zinazoambatana na ugonjwa huu kule Ulaya. Watafiti wanasema inaelekea ni aina tofauti ya kisukari, na chanzo chake bado kinatafutwa.

Nilipolisoma hili nilisimama nikatoka nje. Kama chanjo inayopikwa inamlenga mlinzi anayebomoa ghala, na huku kwetu ghala la watoto wengi linabomoka kwa mvua au kwa mchwa, basi siku chanjo hiyo itakapofika kwenye boksi la barafu, tutawachanja watoto wetu, tutapiga picha, na wataendelea kuugua. Au huenda watoto wa Kusini ni wale 35 waliobaki, na chanjo itawafaa kabisa. Yote mawili yanawezekana. Binti yangu hajapimwa kingamwili hata siku moja. Wale watoto sita wengine wa kliniki yetu, nimewauliza wazazi wao mmoja mmoja: hawajapimwa. Tanzania haikuwa kwenye zile nchi tatu. Kwa nini haikuwa, ndilo swali lililonifanya niandike barua ya tatu.

3. Tuna madaftari ya chanjo na hayasomwi.

Nchi hii inachanja. Kwenye hilo tuko vizuri, nasema bila kejeli. Karibu kila mtoto ana kovu la BCG kwenye bega la kulia, na tangu 2013 wanapewa matone ya rota, chanjo ya kuzuia kuhara.

BCG, ambayo binadamu alianza kupewa mwaka 1921 dhidi ya kifua kikuu, leo inachunguzwa Boston na Daktari Denise Faustman na wenzake kwa watu wazima ambao tayari wana kisukari hiki. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kundi dogo waliolichanja upya lilishusha sukari kwa miaka kadhaa. Kundi ni dogo na wapo wasioridhika. Na mimi nina shaka yangu ya nyumbani: binti yangu ana kovu la BCG na ana sukari, kwa hiyo ile ya kuzaliwa peke yake haimkingi kila mtoto. Kuhusu rota, Australia waliripoti mwaka 2019 kwamba wagonjwa wapya walio chini ya miaka mitano walipungua kwa 14 kati ya 100 baada ya chanjo hiyo kuanza kutolewa. Finland walitazama, hawakuona tofauti.

Swali liko wazi basi. Sisi tuna watoto waliozaliwa kabla ya 2013 na waliozaliwa baada, wenye kadi zilizoandikwa tarehe ya kila tone. Kinachokosekana ni orodha ya wanaougua ili iwekwe kando ya kadi hizo, na hapo tunarudi kwenye hoja ya kwanza.

4. Chanjo itawakuta akina nani?

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza. Wagunduzi waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja ili isije ikawa mali ya tajiri. Miaka zaidi ya 100 imepita. Kwa hesabu iliyochapishwa 2022, mtoto wa miaka 10 anayegunduliwa katika nchi za kipato cha chini alitarajiwa kuishi miaka 13 zaidi kwa wastani. Wa nchi tajiri miaka 65. Sisi tangu 2020 tunahesabiwa kipato cha kati cha chini, kwa hiyo ile 13 si yetu moja kwa moja. Lakini sijui ya kwetu ni ngapi, na kila nikimtazama anafanya hesabu zake za shule mezani huwa najaribu kutoijua.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, wengine walilia na mafuta na unga. Sisi tulikuwa na robo chupa ya insulini. Mama yake alipunguza dozi, mtoto akapunguza chakula, mimi nikawa nazunguka maduka ya dawa mpaka Newala. Ilitosha, kwa shida. Sitamlaumu mtu kwa kimbunga. Naeleza tu kwamba akiba ya dawa hii mkoani haipaswi kutegemea daraja moja.

5. Ukimya wenu una wapangaji.

Mwaka jana gulioni alikuja mtu na kipaza sauti anauza "chanjo ya kisukari", maji ya mizizi kwenye chupa ya soda, mtoto akinywa siku 21 anaacha sindano. Mzazi mmoja kati ya wale sita alinunua. Mtoto wake aliwahishwa hospitali siku ya nne. Yule mwuzaji alikuwa na majibu ya kila swali. Ninyi mna barua zangu tatu.

Waheshimiwa, nimekaa kwenye mikutano mikuu ya ushirika miaka 19. Majibu nayajua kabla hayajasemwa, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema ni wachache, na malaria inaua wengi. Kweli inaua. Lakini uchache huo mmeupataje bila kuhesabu? Halafu kipimo cha sukari kinatumia tone la damu la kidole kilekile kilichotobolewa kwa ajili ya malaria. Kidole kimeshatobolewa, jamani.

Mtasema maabara hatuna. Kwa miaka mingi zahanati zetu zimekuwa zikichukua tone la damu la kichanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU, linakaushwa kwenye karatasi maalumu na kusafirishwa mpaka maabara kubwa. Kingamwili za kisukari nazo zinaweza kupimwa kwenye tone lililokaushwa namna hiyo. Njia ipo, tuna uzoefu nayo, haihitaji jengo jipya wala wa kukata utepe.

Mtasema Tanzania haina uwezo wa utafiti wa chanjo. Hili nalikataa kwa sauti. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009 lilikuwa na watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, na vituo viwili vilikuwa vya kwetu, Bagamoyo na Korogwe. Bagamoyo ikashiriki tena kwenye ile ya R21. Leo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza zote mbili, na ndani yake kuna damu na uvumilivu wa watoto wa Kitanzania. Na hapahapa Mtwara, Naliendele, kuna watafiti waliomaliza ujana wao kuchunguza ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Wanajua kila aina ya mche, ulipandwa wapi, unaugua lini. Mkorosho wa Kusini una wataalamu wake wa kudumu. Sidhani kama nadai makuu nikisema mtoto wa Kusini apate walau nusu ya hayo.

Mtasema si maadili kuwafanyia watoto majaribio. Sijaomba mtoto achomwe kitu kisichojulikana. Nimeomba ahesabiwe na apimwe. Siku jaribio la chanjo likija, kamati za maadili zipo na mamlaka ya dawa ipo, na sisi wazazi tupo, tunajua kusoma fomu kabla ya kusaini.

Na yule atakayesema chanjo yenyewe haijapatikana, sasa unadai nini? Nadai tuwe kwenye foleni kabla dirisha halijafunguliwa. Dawa za kufubaza VVU zilipopatikana kule kwa wenzetu, sote tunakumbuka tulisubiri miaka mingapi, na tulizika wangapi tukisubiri.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Daftari la watoto na vijana wote wenye kisukari kinachohitaji insulini, Mtwara na Lindi, kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu, likiwa na tarehe ya kugunduliwa, chanjo walizopata na, Mungu apishe mbali, tarehe ya kifo. Mkikosa mtu wa kuliandika, mimi nina kalamu.

(b) Watoto hao wapimwe kingamwili na ile peptidi-C inayoonyesha kama kongosho bado linatoa insulini yake, na wazazi tupewe majibu. Damu isije ikaondoka na majibu yakaishia kwenye jarida la Ulaya.

(c) Mtoto yeyote anayefika zahanati akiwa anakunywa maji mno, anakojoa mno na amekonda, apimwe sukari siku hiyohiyo, malaria iwepo isiwepo. Kila zahanati iwe na mashine na vijiti vyake. Mashine bila vijiti tumeshaziona, zinapendeza kabatini.

(d) Taasisi zetu za utafiti ziombe rasmi kuingia kwenye tafiti za kimataifa za kuzuia ugonjwa huu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo iwe mojawapo ya vituo. Mtakapoomba, tuambieni mliomba lini na mlijibiwa nini.

(e) Akiba ya insulini ya miezi mitatu ikae mkoani kabla ya masika ya kila mwaka.

Naomba jibu la maandishi kabla minada ya msimu ujao haijafunguliwa, Oktoba. Nikishaanza kupima korosho sitakuwa na muda wa kuwafuata, na pengine hilo mnalijua.

Jana usiku nilimsomea binti yangu barua hii. Alinikosoa mahali pawili, kisha akauliza kama siku ya kupimwa hizo kingamwili ataruka sindano ya jioni au zitakuwa zote mbili. Sikuwa na jibu. Nimemwahidi nitawauliza ninyi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa chama cha msingi, na baba wa mmoja wa wale saba,
Tandahimba.

Nakala: Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi, wazazi sita wa kliniki yetu, ubao wa matangazo, ghalani.